Niliwahesabu Watoto kwa Sahani

Nimekosa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na jingine nitaishia kujitetea, na kwa kujitetea mimi sijambo.

Kabla ya Pasaka nilikwenda kuungama kwa padre, nikasema nusu. Nilisema, "Padre, nilimsema vibaya mwenzangu." Akanipa rozari moja. Nikaisali njiani nikirudi, ikaisha kabla sijafika kwangu. Nikajiuliza, jamani, kosa lile lote ni la rozari moja? Nusu niliyoificha ndiyo ninayowaletea ninyi leo. Nisikilizeni tu, msinihurumie.

Jina langu sitaji, wala la kijiji. Jueni ni huku juu kwenye migomba na kahawa, Moshi vijijini. Shule yetu ya msingi ni ya serikali, ya siku nyingi, mimi mwenyewe nimesoma hapo tukibanana watano dawati moja. Siku hizi madawati yanabaki. Vijana wa hapa wako Dar na Arusha, wanazalia huko huko. Walio na chochote wanawapandisha watoto basi la njano asubuhi waende inglishi midiamu mjini. Wanaobaki ni wajukuu wanaolelewa na bibi zao, na watoto wa sisi tusiojiweza, kama Glori wangu.

Halafu kuna watoto wa kambini. Chini ya kijiji kuna shamba kubwa la kahawa, na vibarua wake wanatoka Singida, Kondoa, hata Tabora. Sisi tunawaita kyasaka, yaani mtu asiye Mchagga. Tunalisema tukicheka, lakini si neno zuri, na mdomoni mwangu lilikuwa halikauki.

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Bado ni mjumbe, na aibu yangu ndiyo hiyo. Kazi yangu ni kushika ufunguo wa ghala la chakula. Watoto wanakula makande mchana, kila mzazi anachangia debe la mahindi na sado mbili za maharage kwa muhula. Sasa kuna wazazi walianza kukwepa. Kwenye mkutano wa Januari ya mwaka jana nilisimama nikasema, "Asiyechangia, mtoto wake asile! Elimu ni bure, sawa, lakini mahindi hayaoti ghalani!"

Watu walipiga makofi! Nilikaa chini nikiwa nimevimba kichwa. Ikapita, ikaandikwa kwenye muhtasari.

Mwalimu mkuu peke yake ndiye alinyoosha mkono. Nimwite Mwalimu Joeli, si jina lake. Mtu wa Singida, mrefu, mkimya, wa kusema neno halafu anangoja kama vile anataka ulitafune kwanza. Akasema, "Wajumbe, hawa wa kambini wanalipwa kwa debe la kahawa, na sasa kahawa imekwisha shambani. Watoto wao tuwafanyeje?"

Nikamjibu mbele za watu, "Mwalimu, kama unawaonea huruma ndugu zako, walishe wewe."

Watu wakacheka. Yeye akasema, "Nimesikia, mama." Akaketi.

Basi ikawa kila mchana mpishi anachota, mimi nimesimama mlangoni mwa jiko na daftari langu. Kila mtoto anakuja na sahani yake, mimi natia alama kwenye jina. Wakanipachika jina, Mama Ufunguo. Nililipenda, Mungu anisamehe! Wiki ya kwanza watoto wa kambini walipanga foleni na sahani zao. Niliwatoa mmoja mmoja. Wiki ya pili hawakuja tena kwenye foleni.

Nikajua wameshuka. Huku kwetu ndivyo ilivyo tangu nizaliwe: kahawa ikiisha kuchumwa, vibarua wanafunga virago, wanashuka tambarare kwenye mpunga, watoto nyuma. Kila mwaka. Sikumuuliza mtu. Ningeuliza nini wakati najua?

Sasa sikilizeni shetani alivyoingia.

Ofisini kwa mwalimu mkuu kuna ule ubao wa takwimu ukutani, kama ofisi zote: wavulana, wasichana, jumla, walimu waliopo, walimu pungufu. Siku moja mwezi wa pili nimekwenda kuomba chaki ya kuandikia magunia, jicho likaangukia kwenye jumla. Mia moja themanini na sita.

Nikasimama. Mchana ule ule nilikuwa nimehesabu sahani mia moja arobaini na tano.

Kesho yake nikahesabu tena, mia moja arobaini na tano. Keshokutwa mmoja ana malaria, mia moja arobaini na nne. Nikapiga hesabu kwa vidole, nikapiga kwa punje za mahindi, jibu likawa lile lile. Arobaini na mmoja wako wapi?

Na ninyi mnajua redio inavyosema. Wanafunzi hewa! Ruzuku ya shule inakuja kwa kichwa cha mtoto, walimu wanaletwa kwa vichwa hivyo hivyo. Jina moja la uongo ni hela. Nikasema, hee! Huyu mkimya kumbe ana meno.

Nikaanza kumvizia. Nikaingia ofisini nikiwa na swali la uongo.

"Mwalimu, naona shule inajaa."

"Tunamshukuru Mungu, mama. Tunaongezeka."

Tunaongezeka! Na anasema hivyo huku anafunga rejista polepole. Mimi nilikuwa nimeshaona. Majina ya kwenye ukurasa ule, mengine yalikuwa ya penseli. Nani anaandika jina la mtoto kwa penseli kama si mtu anayetaka kulifuta?

Toka hapo kila alichofanya kilinuka. Mke wake, Mama Debora, akawa ananunua ndizi kwa jirani yangu, mkungu mzima, siku tatu kwa wiki. Wao ni watu wanne! Nikamwambia jirani, "Wana matumbo mangapi wale?" Jirani akanitazama, akasema, "Mi nauza ndizi, shosti, sihesabu matumbo." Nikaona na yeye amenunuliwa.

Moshi wa jiko lao ulikuwa unafuka saa sita mchana kila siku ya shule. Jumamosi haufuki. Hilo nalo nililiandika.

Halafu ikaja ile ya sokoni. Nimeshuka Mbuyuni kutafuta mitumba ya Glori, nikamwona Mwalimu Joeli kwenye vyombo, ameinama. Nikajibanza nyuma ya mabeseni. Alinunua sahani za plastiki dazeni nne! Nne, nilihesabu! Akazifunga kwa kamba, akazitia kwenye kiroba, akaangalia kulia na kushoto. Au mimi niliona hivyo. Mtu ukishamshuku hata akipiga chafya unasema anatoa ishara.

Nikasema basi, anafungua hoteli. Kwa hela za watoto hewa anafungua hoteli, na mahindi yangu ghalani nayo atakuwa anayapunguza. Niliyapima magunia kwa kamba wiki nzima. Hayakupungua hata punje, na badala ya kutulia ndiyo nikazidi kukasirika.

Na kitu kimoja kinachoniuma leo ni kwamba mwaka ule ule shule ilikuwa inapanda. Kila mtu aliona. Darasa la saba walifanya mtihani wa majaribio, tukawa wa tatu kwenye kata wakati tumezoea kuvuta mkia. Glori wangu, ambaye hesabu alikuwa anapata kumi na mbili kati ya hamsini, alikuja na thelathini na sita. Nilimshukuru Mtakatifu Antoni. Nikasema ni maziwa. Glori akasema, "Ni rafiki yangu ananielekeza." Nikasema, "Vizuri, mwambie asante," nikaendelea kuchambua maharage.

Hata huko kupanda nilikushuku. Nikasema labda ameiba mtihani.

Barua niliiandika kwenye karatasi niliyochana katikati ya daftari la Glori. Niliandika kwa mkono wa kushoto, msicheke, ili mwandiko usijulikane. Nikaandika, "Kuna wanafunzi hewa arobaini na mmoja. Njooni bila taarifa. Njooni saa ya makande mhesabu sahani, hapo ndipo ukweli ulipo." Sikuweka jina. Nikashuka nayo hadi ofisi za elimu wilayani, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni, nikanunua soda, nikainywa yote nimesimama.

Walikuja mwezi wa saba, shule zimefunguliwa. Gari jeupe la serikali likaingia uwanjani mpishi akiwa ndiyo kwanza ameshika upawa. Wakashuka maafisa wawili, mama mmoja na kijana mmoja wa tai. Wakasimama pale pale ninaposimama mimi. Wakahesabu. Mia moja arobaini na tano.

Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha! Nasema ukweli, ilikuwa furaha.

Yule mama akauliza, "Mwalimu mkuu, rejista yako inasema mia moja themanini na sita. Wengine wako wapi?"

Mwalimu Joeli alinitazama mimi kwanza. Halafu akasema, "Wapo, mama. Wanakula kwangu."

"Kwako? Kwa nini wale kwako?"

Akanitazama tena. Angeweza kusema. Angeweza kuninyooshea kidole palepale akasema mwenye sheria ni huyu. Akasema tu, "Ni utaratibu tuliojipangia. Ngoja niwaite."

Akagonga ile rimu ya gari tunayotumia kama kengele. Kimya. Akagonga tena. Akamtuma mwalimu wa hesabu ashuke hadi kwake, nyumba yenyewe iko hatua mia chini ya vyoo, imezibwa na migomba. Mwalimu akarudi anahema.

"Mwalimu, wamekimbia. Wameona gari, wameingia kwenye kahawa."

Yule kijana wa tai akaangua kicheko. "Aisee! Wanafunzi hewa wa huku wana mbio!"

Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mkono kiunoni, ufunguo unaning'inia shingoni.

Mwalimu Joeli aliwaomba, "Tembeeni nami hapo chini, mtaona wenyewe." Yule mama akaangalia saa, akasema wameona ya kutosha. Wakaandika, wakasaini, gari likaondoka.

Kesho yake mchana nikashuka kwake mwenyewe. Mnadhani nilikwenda kuomba radhi? Wapi! Nilikwenda kutafuta mahindi ya wizi. Nilitaka kumkamata na ushahidi mzima.

Nikamkuta Mama Debora uani ameketi kwenye kigoda. Mbele yake sufuria kubwa ya kiburu, ndizi na maharage, imejaa mpaka juu na imepoa. Pembeni sahani za plastiki za bluu zimepangwa, dazeni nne. Kwenye nyasi, chini ya migomba, kulikuwa kumekaliwa na watoto, unaona kabisa, duara duara. Kalamu mbili, kandambili moja, daftari lenye jalada la gazeti.

"Karibu, mama," akaniambia. "Umekuja kuhesabu na za huku?"

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania au ananisuta.

Nikauliza wako wapi. Akasema leo hakuna aliyekuja. Mwezi uliopita gari kama lile lilifika kambini na mgambo, likawafukuza wasio na barua za utambulisho, wengine usiku ule walilala njiani. Watoto wakiona gari jeupe wanajua linafuata wazazi wao. Jana wamefika kambini wanalia kwamba gari limewafuata hadi shuleni.

"Lakini wale si walishuka?" nikasema. "Kahawa si iliisha?"

"Walitaka kushuka. Baba Debora alikwenda kambini mlango kwa mlango, akawaomba wawaache watoto wamalize mwaka. Wanalima palizi, wanapogoa. Akawaahidi watoto watakula." Akafunika sufuria. "Si ulimwambia awalishe yeye?"

Ndizi za kwa jirani, moshi wa saa sita, sahani za Mbuyuni, vyote vilikuwa pale uani vinanitazama. Nikauliza na penseli je? Akashangaa, penseli gani? Nikamweleza. Akasema watoto wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, majina yalikuwa yanasubiri vyeti ili yaandikwe sawasawa kwa wino.

Hapo ndipo kosa langu kubwa lilipo. Siyo barua. Barua ni ujinga, na ujinga unasameheka. Siku ile ile ningeweza kupanda bodaboda nikaingia kwa yule mama nikasema, "Mimi ndiye niliyeandika, na nimekosea, watoto wapo, nimeona mahali wanapokula." Ningechelewa chakula cha jioni, basi.

Sikwenda. Nilisema wataona wenyewe. Nikasema serikali haikosei hivyo. Na nisiwafiche, moyoni bado nilikuwa nashuku! Nilisema huenda sahani ni maigizo, huenda kweli wako thelathini na kumi na mmoja ni hewa. Niliogopa kuliko kitu chochote watu wajue ni mimi.

Wiki mbili hazikufika. Familia za kambini zikaondoka, zilizokuwa na watoto zote. Majina yakafutwa. Mwalimu Joeli akavuliwa ukuu, akahamishwa kwenda kufundisha mbali, tambarare. Kwa kuwa sasa tulikuwa watoto mia moja arobaini na tano, wakasema walimu wamezidi, wakamchukua mwalimu wa hesabu. Ruzuku ikapungua, ikawa mtihani wa kila mwezi unaandikwa ubaoni maana karatasi hakuna. Darasa la tatu na la nne wakaunganishwa chumba kimoja. Sasa hivi kuna maneno ya kutuunganisha na shule ya ng'ambo ya korongo, ambako mvua zikinyesha mtoto mdogo hapiti.

Kwenye kamati wakanisifu. Mwenyekiti alisema, "Ghala la huyu mama halijawahi kupungua." Nikasema asante.

Siku ya kukabidhi ofisi Mwalimu Joeli alinifuata ghalani. Nilikuwa nashona gunia, sindano ikaniingia kidoleni nilipomwona.

"Mama, nimekuja kukuaga."

"Safari njema, mwalimu. Mungu ni mwema."

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Hii nakuachia wewe. Ni majina ya wale. Wakirudi, au wakija wengine kama hao, uwajue."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ufunguo unao wewe."

Alijua? Hakujua? Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, nimepeta nalo maharage. Uso wake haukuwa na hasira. Angenitukana ningepona.

Ile karatasi nilikaa nayo wiki nzima nikiichunguza. Mnajua nilikuwa natafuta nini? Nilikuwa natafuta jina moja la uongo. Moja tu! Ningelipata hilo ningelala. Nilimwita Glori nikamsomea majina kama utani, huyu unamjua, na huyu? Arobaini na mmoja wote aliwajua. Huyu ana kovu hapa, huyu anaimba kwaya, huyu anaogopa vyura. Nikafika jina la mwisho la darasa la saba, Salome. Glori akaweka kidole juu ya jina hilo.

"Huyo ndiye aliyekuwa ananielekeza hesabu."

Nikakumbuka nilivyosema mwambie asante.

"Mbona hukuwahi kuniambia wanakula kwa mwalimu?" Nilianza kupandisha sauti. "Kumbe kijiji kizima kilijua, mpishi anajua, jirani anajua, mimi tu ndiye mjinga!"

Glori ana miaka kumi na tatu. Alinijibu huku anaangalia sakafu, "Tuliogopa, mama. Tulijua ukijua utawafuata na huko."

Siku ya mtihani wa darasa la saba, mwezi wa tisa, Glori alirudi hakula. Alisema madawati yalikuwa yamebandikwa namba za watahiniwa. Namba ya Salome, aliyesajiliwa mtihani kabla majina hayajafutwa, ilikuwa mbele yake. Ilikaa pale siku mbili, karatasi ya maswali inawekwa juu ya dawati, muda ukiisha inachukuliwa nyeupe. Aliyekuwa wa kwanza kwenye majaribio shule nzima! Msimamizi akaandika hayupo.

Hapo nikalia. Nililia kama mtu aliyefiwa, nikampigia simu yule jirani wa ndizi nikamwambia kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Tulishuku ni wewe." Akakata.

Matokeo yalipotoka Glori alifaulu. Shule ilirudi mkiani.

Nikaanza kumtafuta Salome. Nilisikia wengi wao wako Chekereni kwenye mpunga, nikashuka mara mbili nikamkosa, mara ya tatu nikamwona. Amesimama juu ya tuta na kopo lenye mawe, anafukuza ndege. Amerefuka. Akanitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo, Mama Ufunguo."

Nikaitikia, nikamuulizia mama yake. Alinipeleka kwa mama yake, mwanamke mwembamba, miguu ina matope hadi magotini. Nikapiga magoti kwenye majaruba yale, nikasema yote, barua, mkono wa kushoto, kicheko. Nikamwambia nimeulizia, mtoto anaweza kusajiliwa upya afanye mtihani. Nikamwambia anipe Salome akae kwangu, alale na Glori, nitamnunulia sare, nitamfuatilia cheti.

Alinisikiliza huku anakwangua matope kwa kijiti. Halafu akauliza, "Atakula wapi?"

"Kwangu, dada. Mezani kwangu."

"Na siku ukikasirika?"

Jamani. Nilimwambia sitakasirika, nikasikia mwenyewe jinsi ninavyodanganya. Akaniambia atafikiri. Hiyo ni miezi minne iliyopita, na simu yake nikipiga inaita tu.

Kwenye mkutano wa Januari mwaka huu nikasimama. Nikasema jamani ile sheria tuifute, watoto wote wale, mimi nitaongeza madebe mawili ya kwangu. Mnajua walinijibu nini? Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mahindi hayaoti ghalani!" Watu wakacheka, wakapiga makofi yale yale. Sheria ipo. Ufunguo ninao, nilitaka kuurudisha nikaogopa atakayeupokea. Kuna watoto watatu wa kambini wamerudi, nawachotea kutoka kwenye debe langu, nawaambia wakae hapa hapa mbele, wasile kichakani. Wanakula haraka haraka huku wananiangalia. Bado hawaniamini, na mimi siwalaumu.

Barua ya kwanza sikuweka jina kwa ujanja. Hii siweki kwa aibu.

Wenzangu mlio kwenye kamati, mlioshika daftari la chochote kile, nawaomba. Hesabu isipotimia usikimbilie kuandika barua. Shuka hatua mia. Nenda mpaka nyuma ya vyoo, nenda mpaka uani kwa mtu unayemshuku, piga hodi, angalia kilichoko kwenye sufuria. Na kabla hujauliza watoto wako wapi, jiulize nani aliwatoa kwenye foleni. Mimi niliwatafuta arobaini na mmoja kwenye kila kona, na wote nilikuwa nimewafukuza kwa mkono wangu huu.